Pengo Kati ya Picha Mbili

Verla Skogstad aliegesha pikapu yake nyuma ya makumbusho, akazima injini, kisha akaiwasha tena. Alikuwa amewahi mno. Akazunguka mji wa Tolliver mara ya pili, akapita duka la mbegu, kanisa la Kilutheri na kituo cha mafuta ambako wazee wawili walimpungia mkono, akarudi akaegesha palepale. Upepo wa Juni ulikuwa unashuka kutoka milima ya Absaroka kwa nguvu za kung'oa kofia, na bango lililotundikwa juu ya mlango lilikuwa linajipigapiga ukutani: AMBROSE VEITCH. NCHI KABLA YA SENG'ENGE.

Hakuwa ametulia tangu siku walipokuja kuichukua picha. Ilikuwa imening'inia sebuleni kwake tangu kabla hajazaliwa: milima ikiwa bado na theluji, na mto Kestrel ukijikunja kwenda kulia hadi ukagonga fremu. Maite Etchart, dada kijana aliyesimamia maonyesho hayo, aliifunga kwenye blanketi kama mgonjwa na kuondoka nayo. Kuanzia hapo Verla akawa anakula amesimama kwenye sinki la jikoni, maana kila akikaa sebuleni jicho lilimkimbilia pale ukutani, kwenye alama nyeupe ya pembe nne. Miaka sitini na tatu aliyokuwa nayo, na alikuwa anahangaika kama ndama aliyeachishwa kunyonya juzi.

Lakini picha peke yake isingemkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni nusu ya pili.

Nusu ya pili ilikuwa kwa binamu yake Merle, kwenye nyumba kubwa ng'ambo ya ua wa mpaka. Bonde lilelile, mto uleule, ila huko mto ulitokea upande wa kushoto na kutiririka kwenye malisho mabichi. Ukoo mzima ulijua kwamba zamani ilikuwa picha moja, na kila mtu wa bonde lile alijua pia ilivyokatwa, au alidhani anajua. Mchoraji Veitch alifika majira ya kuchipua ya mwaka 1883, theluji ikiwa bado magotini, akapanga kwa Halvor Skogstad na mkewe Ragna, akakaa hadi majani yalipopukutika. Mwaka uleule Ragna akamzaa mtoto wa pili, Anders, akafa kwenye uzazi. Halvor akachukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akaicharanga picha. Baadaye kila mtoto akapewa kipande chake. Einar, mkubwa, alipewa pia nyumba na chemchemi. Anders alipewa kilima na mawe.

Merle alikuwa mjukuu wa Einar. Verla alikuwa mjukuu wa Anders. Na tangu shuleni, watu wa kwa Einar waliwaita watu wa kwa Anders jina moja tu: watoto wa rangi, kana kwamba Anders alikuwa wa yule mchoraji.

Mara ya mwisho Verla kulisikia ilikuwa kwenye mazishi ya baba yake Merle. Shangazi Opal, mama yake Merle, alilisema kwa sauti mbele ya sahani za nyama na saladi ya viazi. Verla akaweka sahani yake chini, akachukua koti lake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Miaka tisa sasa. Yeye na Merle walitengeneza ua mmoja, kila mtu upande wake, kila mtu siku yake.

Sasa picha zote mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye ukuta mmoja.

Alipoingia, ukumbi ulikuwa umejaa na kunuka kahawa na viatu vya watu wa ng'ombe. Alipita picha za kwanza bila kuziona. Miamba, tufani, kundi la swala kwenye nyika isiyo na mwisho. Veitch hakuwahi kuchora mtu. Hilo liliandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na watu walikuwa wanalirudia wao kwa wao kama habari ya leo. Verla aliwasukuma kwa bega, samahani, samahani, mpaka akafika ukuta wa mwisho.

Akaiona picha yake. Akaiona ya Merle. Na katikati yake akaona ukuta mtupu, mweupe, upana wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

"Mbona hamkuziunganisha?" alimuuliza Maite, hata salamu hakutoa.

"Haziungani, Mama Verla. Tulijaribu. Tazama mto. Kwako unatoka huku chini, kwa Bwana Merle unaingia kule juu. Kuna kipande hakipo hapo kati." Maite alimshika mkono kidogo. "Niliwaza nikupigie simu, halafu nikasema, aone mwenyewe kwanza. Hukujua?"

"Ningejuaje? Sijawahi kuziona pamoja. Hakuna aliye hai aliyewahi."

"Basi ndio hivyo. Veitch hakukata picha zake, na aliyekata hii alikata mara mbili. Alikuwa anataka kutoa kitu."

Verla alihisi damu inampanda masikioni. Alitaka kuondoka, na alitaka kubaki, akajikuta anafanya yote mawili, hatua mbili nyuma, mbili mbele, mpaka gurudumu likamgonga kisigino.

"Usitukanyage, bibi," ilisema sauti aliyoifahamu. Shangazi Opal alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mwenye miaka themanini na nane, nywele zimetengenezwa saluni, mdomo umepakwa rangi nyekundu. "Umekuja kumwona babu yako?"

"Shikamoo, Shangazi. Babu yangu yuko makaburini, karibu na wa kwenu."

"Huyo ni wa karatasi. Nasema huyu wa brashi."

Watu wawili wakacheka, kisha wakajifanya wanakohoa. Nyuma ya kiti alisimama Merle, kofia mkononi, shingo nyekundu, jasho linamtiririka ingawa ukumbi ulikuwa na baridi. Alikuwa amezeeka. Hakuwa anamtazama Verla, wala picha. Alikuwa ameukazia macho ule ukuta mtupu.

"Mama, inatosha," alisema.

"Nini inatosha? Si mume alikata? Mtu hakati picha ya milima kwa sababu milima imemkosea!"

Maite akaingia kati kwa upole, kama mtu anayetenganisha majogoo. "Bibi Opal, huenda nyinyi ndio mtusaidie. Kuna yeyote kwenu aliyewahi kusikia hapa katikati palikuwa na nini?"

Opal akafungua mdomo, lakini Merle akaachia vishikio vya kiti. "Nakwenda kutazama gari," alisema, na akapita katikati ya watu haraka, bila kumgusa mtu, hadi mlango wa nyuma ukafungwa.

Verla alimjua Merle tangu wakiwa na meno ya utoto. Walikuwa wameoga mto mmoja, wamechapwa fimbo moja. Alijua anavyoonekana akiwa amevunja kitu na hajasema. Akamfuata.

Alimkuta amejiegemeza kwenye pikapu, anajaribu kuwasha sigara, upepo unamnyima.

"Unajua kilichokuwemo," alisema Verla.

"Rudi ndani, Verla. Utapeperushwa."

"Merle Skogstad, nitazame."

Hakumtazama. "Niliacha sigara mwaka jana. Hii nimeomba kwa mtu."

"Sikuulizi habari za sigara! Kiko wapi?"

Akaivunja ile sigara vipande viwili, akaitia mfukoni. "Kiko nyumbani. Mzee alipokufa mwaka ule, nilibomoa ukuta wa jikoni niweke bomba jipya. Kilikuwa ndani ya ukuta. Mama hajakiona. Hakuna aliyekiona."

"Miaka tisa."

"Najua."

"Miaka tisa, Merle, unanipita barabarani unanyanyua kidole kimoja kwenye usukani, na kitu hicho unacho ndani!"

"Nimesema najua. Panda gari lako unifuate, au nenda kanywe kahawa yao. Mimi nakwenda."

Na akaenda kweli, akimwacha mama yake na Maite na maonyesho yote. Verla alimfuata kilomita zote za barabara ya kokoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unafungua na kufunga dirisha bila sababu. Vumbi la Merle lilimjaa puani. Kila kona alisema atageuza, na kila kona aliipita.

Jiko la Merle lilikuwa na harufu ya mtu anayeishi peke yake na mama mzee: dawa, kahawa iliyochemka mara tatu. Alipanda ghorofani, akarudi na mzigo mrefu uliofungwa kwa shali ya sufu nyeusi yenye maua mekundu pembezoni, shali ya kutoka Norwe, ya kuvaliwa kanisani. Akauweka juu ya meza taratibu.

"Kilikuwa hivihivi?" Verla aliuliza. "Na shali?"

"Hivihivi. Na kamba imefungwa fundo zuri. Mtu hakutupa kitu humo. Alikilaza."

Verla alijipangusa mikono kwenye gauni lake. Akafungua.

Ukanda wa turubai ulijikunjua kwa mlio kama wa majani makavu. Mto ulikuwa umefurika, rangi ya maziwa, jinsi unavyokuwa mwezi wa Juni theluji ikiyeyuka juu. Kando yake maua ya zambarau yalikuwa yamefunika ukingo. Na katikati ya maua, peke yake, alisimama mwanamke. Ndoo aliiweka chini karibu na miguu. Mkono mmoja alikuwa ameuweka mgongoni, pale chini, mkono mwingine amefunika macho kuzuia jua, anamtazama mtu aliyekuwa anamchora kana kwamba anamuuliza atamaliza lini. Na tumbo lake lilikuwa kubwa. Halikuwa la kufichika. Lilikuwa limelitangulia gauni, juu, limekaza, tumbo la mwanamke anayehesabu wiki.

Verla alikuwa amezaa watoto wawili na kuzalisha ng'ombe wasio na idadi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Juni," alisema.

"Juni," alisema Merle.

"Na Veitch alifika theluji ikiwa bado magotini. Aprili."

"Aprili. Wameandika pale makumbusho pia, ukutani."

Kwenye jiwe la kaburi la Ragna kulikuwa na mwaka tu, bila mwezi. Hakuna aliyewahi kujua Anders alizaliwa lini katika mwaka ule, na watu wa kwa Einar walikuwa wamemweka mwishoni, karibu na Krismasi, panapowafaa. Kumbe alikuwa tayari yumo, miguu inapiga mateke, siku Veitch alipofungua sanduku lake la rangi.

"Basi babu Anders alikuwa wa Halvor," Verla alisema. "Sawasawa na babu yako."

"Sawasawa."

"Na mlijipa chemchemi."

"Mimi sikujipa. Nilizaliwa nimeikuta." Merle alivuta kiti akakaa, akasimama tena. "Nilipokiona nilitaka kukuletea siku ileile. Nilifika mpaka kwenye geti lako. Halafu nikafikiria Mama, na yale aliyoyasema mazishini, na baba yangu aliyeyasema kabla yake. Nikasema kesho. Unajua kesho ilivyo."

"Sijui. Niambie ilivyo."

"Inakuwa rahisi, Verla. Kila siku inakuwa rahisi zaidi. Hilo ndilo baya lake."

Verla alikuwa amejitayarisha kwa hasira. Aliingoja ije, akaifungulia mlango, na ikaja kweli: alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka, akamwita mwoga, akamwita mwizi wa jina la watu, na Merle akapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitarajia, na hicho ndicho kilichomfanya aende dirishani, arudi, aende tena.

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alikuwa na miaka kama minane siku Merle alipomwita mtoto wa rangi mbele ya darasa zima, akarudi nyumbani analia, akasimama chini ya picha ile sebuleni. Akaitazama muda mrefu. Kisha akafikiri: kama ni kweli, basi hii ni kazi ya babu wa baba yangu. Machozi yakakauka. Siku ile alichukua mkaa jikoni akachora farasi kwenye mlango wa ghala, na hakuacha tena. Alichora ng'ombe, wanawe, mikono ya mumewe aliyelala hospitalini wiki za mwisho. Alichora vizuri, watu walisema, unaipata wapi hiyo? Alitabasamu, akanyamaza. Alijua anaipata wapi. Wenzake walimtukana kwa jina ambalo yeye, kwa siri, alikuwa amelivaa kama pete.

Sasa alikuwa Skogstad tu. Halali, safi, mjukuu wa wachunga kondoo pande zote.

"Unalia," alisema Merle kwa hofu.

"Silii. Vumbi lako barabara nzima." Akajifuta. "Kwa nini alimkata, Merle? Kama hakukuwa na kitu."

Merle akakaa tena. Aligusa ncha ya shali kwa kidole. "Mimi nilipokuwa nimemzika mke wangu Carol, nilitoa picha zake zote nikazitia kabatini. Dada zangu wakasema nimemsahau mapema." Alikohoa. "Sikuweza kula naye ananitazama. Basi. Lakini sikuweza kuzichoma pia."

Verla akamtazama binamu yake. Halafu akamtazama Ragna, ambaye alikuwa bado anangoja amalizwe. Akamwona Halvor na mkasi wake, na kitoto kinalia chumbani, na mke anamtazama kutoka ukutani kila anapokata mkate, tumbo limejaa. Watu walikuwa wamepita nje ya nyumba ile, wakaona picha imekatwa, wakajaza wenyewe sababu. Majirani hawapungukiwi sababu.

"Naondoka naye," alisema.

"Mchukue. Ni wako."

"Si wangu. Ni mama wa babu yako pia, mpumbavu wewe. Naondoka naye tu."

Hakwenda makumbusho. Alipanda kilimani kwake, pale kwenye mawe ambako Veitch lazima alisimama, akatoka garini akaliona bonde lote. Mto ulikuwa umefurika. Ukingoni, pale Ragna alipoweka ndoo, kulikuwa na ng'ombe watatu wa Merle na tairi bovu. Alijaribu kukaa kwenye jiwe, jiwe likawa baridi. Alisimama, upepo ukamsukuma. Alirudi garini, akatoka. Alitaka kujisikia mwepesi. Alikuwa amesafishiwa jina, naye alikuwa kama mtu aliyevuliwa koti wakati wa baridi na kuambiwa halikuwa lake.

Siku nne alikaa na ule ukanda mezani kwake. Siku ya kwanza alifikiria kuurudisha ndani ya ukuta, ukuta wowote. Ya pili alimpigia simu mwanawe aliyeko Denver akamweleza yote, na mwanawe akasema, "Mama, si ni habari njema?" Verla akakata simu kwa ukali kisha akampigia tena kumwomba radhi. Siku ya tatu alisogeza kiti akaanza kuutazama uchoraji wenyewe, si habari yake. Mikono ile Veitch alikuwa ameikosea. Milima aliiweza, maji aliyaweza, lakini vidole vya Ragna vilikuwa kama karoti. Ndiyo maana hakuchora watu, hakuwa anaweza! Verla alicheka peke yake jikoni, kicheko kikubwa kilichomshtua paka. Yeye vidole alikuwa anaviweza tangu ujana wake. Hilo halikutoka kwa Veitch. Wala hakujua limetoka kwa nani, na kutojua huko kulimkuna zaidi kuliko vyote, kwa namna ambayo haikuwa mbaya sana.

Siku ya nne alimpigia Merle. "Mlete mama yako makumbusho kesho asubuhi."

"Verla, ana miaka themanini na nane."

"Basi muwahi."

Siku hiyohiyo Verla akaupeleka ukanda makumbusho, na Maite Etchart alipofunguliwa shali aliinama juu yake. Alivaa glavu, akavua, akasahau kama amevaa au amevua. Aliuliza kama anaruhusiwa kukaa chini, akakaa sakafuni. Mchana wa siku ile, yeye na fundi wake wakautundika ukanda kwa muda, umebanwa kwenye ubao, kati ya picha mbili. Mto ukatoka kwa Verla, ukapita miguuni kwa Ragna, ukaingia kwa Merle.

Asubuhi iliyofuata Merle alimsukuma mama yake mpaka karibu. Shangazi Opal akavaa miwani. Alimtazama Ragna kwa muda, uso, gauni, tumbo. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikuwa amezaa watano; vidole vyake vilitikisika juu ya mapaja kama vya mtu anayehesabu, vikasimama.

"Merle," alisema hatimaye. "Hiki kilikuwa wapi?"

"Ukutani, Mama. Nyuma ya sinki."

"Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia. Siku ya kwanza niliyoolewa, tunamenya viazi palepale kwenye sinki." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikaona ni habari ya kupendeza. Nami nikaipeleka mbele."

Verla alingoja. Alitaka aombwe msamaha, mbele ya watu kama alivyotukanwa mbele ya watu, na palikuwa na watu. Opal alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena, akaangalia kwingine.

"Alikuwa mwanamke mzito," alisema. "Sisi sote huku tumekuwa wembamba. Wewe ndiye umesimama kama yeye, Verla. Mguu mmoja mbele namna hiyo."

Verla akatazama miguu yake. Ni kweli, uzito wote ulikuwa upande mmoja, mkono uko mgongoni. Akausimamisha mwili vizuri, kwa kiburi, kisha baada ya muda mguu ukarudi wenyewe.

"Ndio msamaha wenyewe huo?" alimnong'oneza Merle.

"Kwa Mama? Huo ni mkubwa. Mimi sijawahi kupata nusu yake."

Maite alikuja kuuliza waandike nini chini ya ukanda, na binamu wawili wakaanza kubishana hapohapo. Merle alitaka jina na mwaka tu. Verla alitaka iandikwe kwamba alikuwa mjamzito na kwamba ilikuwa Juni, kwa herufi ambazo hata mtu aliyesahau miwani angezisoma. Merle akasema watu wana macho. Verla akasema wamekuwa nayo miaka yote hiyo yakawasaidia nini. Sauti zilipanda, mlinzi akachungulia, na Shangazi Opal kutoka kitini akawaambia waache aibu.

Waliandika alivyotaka Verla. Lakini hakungoja kadi ibandikwe. Alisema ana maji ya kuelekeza shambani, ambayo ilikuwa kweli, akatoka kwenye upepo, akafika kwenye gari, akakaa na funguo mkononi. Kisha akashuka akarudi ndani kumtazama Ragna tena.